Zamu ya Kujibu

Mwalimu wetu wa darasa la sita hakumruhusu mtu yeyote kuyacheka machozi ya mwenzake. Kuchelewa aliadhibu, kucha chafu aliadhibu, na uvivu wa hesabu aliulipiza kwa kazi ya kuokota mawe katika shamba la karanga mpaka mgongo ukakiri kosa. Lakini msichana aliyelia darasani, hata kama alilia kwa ajili ya utepe uliopotea, aliinuliwa kwa heshima kama mgeni na kusindikizwa hadi mlangoni. Nyuma ya jiko la shule palikuwa na jiwe pana, mojawapo ya yale majabali ambayo nchi ya Shinyanga imeyatandaza kila mahali kana kwamba kuna mtu alikusudia kujenga akaghairi. Aliyelia alikwenda kukaa juu ya jiwe hilo, na ilikuwa mwiko kumfuata au kumuuliza. Ila alipaswa kurudi na karatasi yenye sentensi tatu: ya kwanza ieleze kilichotokea, ya pili ieleze kinauma wapi, ya tatu ieleze anataka nini. Mwalimu aliipokea, akaisoma akiwa amesimama, akaitia mfukoni, na somo likaendelea.

"Kulia si kosa," alituambia. "Kosa ni kulia halafu usijue umelilia nini."

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, chini ya misheni, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Ilikuwa miaka ile ya baada ya Vita Vikuu vya Pili, mgodi wa almasi wa Mwadui ukiwa bado habari mpya, na wanaume wa vijiji vyetu walikwenda huko wakiwa na blanketi moja, wakarudi na baiskeli, au hawakurudi. Nyumbani tulisema Kisukuma. Shuleni tulisema Kiswahili, na aliyejisahau alivishwa kibao shingoni. Mwalimu ndiye aliyetunza kibao hicho. Yeye mwenyewe, alipokasirika kweli, alikemea kwa Kisukuma tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kisha akanyamaza, akakitoa kibao mezani na kujivika. Alifundisha hivyo kipindi kizima, kibao kikigonga vifungo vya gauni lake, na hakuna aliyethubutu kutabasamu.

Nimepata kusoma vitabu vingi tangu wakati ule, na nimewaandikia vijana vichache. Nasema bila kificho kwamba wengi wetu tunaowaandikia watu wa umri ule tunakosea kwa njia mbili: ama tunawabembeleza, ama tunawafokea. Mwalimu alikuwa wa kwanza, na karibu wa pekee, niliyemjua asiyefanya lolote kati ya hayo. Katika kabati la shule palikuwa na vitabu vya sungura na fisi kwa watoto, na vitabu vya mafundisho ya dini kwa watu wazima. Kwa ajili yetu, tuliokuwa tumeishiwa na sungura na hatujawa tayari kwa toba kubwa, hapakuwa na kitu. Basi akaandika mwenyewe. Aliandika alfajiri, kabla ya kengele, katika madaftari aliyoyashona kwa mkono na kuyavika majalada ya karatasi ya mifuko ya saruji, na kila Ijumaa alasiri, baada ya usafi, alitusomea sura moja.

Hadithi zake hazikuwa na wafalme. Zilikuwa na msichana anayechukia sauti yake mwenyewe. Dada wawili wasiosemeshana kwa sababu ya kioo. Msichana anayemcha Mungu sana siku ya Jumapili na kumwombea kifo shangazi yake siku ya Jumatatu. Tulisikiliza tukiwa tumeinamisha vichwa, kila mmoja akidhani ameonekana.

"Usimwandikie mtu wa umri huu kana kwamba unamlisha uji," alisema siku moja, si kwetu bali kwa mwalimu mwenzake aliyemshauri aandike mambo ya furaha. "Ana meno huyu. Tena yanamwasha."

"Lakini mambo yenyewe ni madogo, Mwalimu. Kioo. Utepe."

"Mto wa kwetu umeuona? Miezi minane ni mchanga, watoto wanacheza ndani. Siku moja unabeba ng'ombe. Mwambie yule ng'ombe kwamba mto ni mdogo."

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye wino nyuma ya sikio la kulia, maana ndipo alipochomeka kalamu. Mfukoni alikuwa na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, alivyovitafuna vikiwa vikavu wakati wa kusahihisha, kwa mlio kama wa mbuzi kwenye mabua. Kwa mlio huo tulijua kama kazi zetu ni njema, kwa kuwa kosa kubwa lilimfanya aache kutafuna. Alichukia sentensi ndefu lakini hakuweza kukutuma kuni bila kukupa methali mbili. Alitukataza ngoma kwa ukali zaidi kuliko hata wamisheni wenyewe. Hata hivyo, baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalipopita njia kuu kwenda kushindana, alifunga dirisha la darasa na kuacha upenyo wa vidole viwili. Na alipotunga, vidole vyake vilipiga meza mapigo ambayo hakuna kitabu cha nyimbo za kanisa kilichokuwa nayo.

Sababu tuliijua, kwa kuwa bweni halina siri. Kabla hajabatizwa alikuwa ningi, yaani manju, mtungaji na mwongozaji wa nyimbo katika kundi la ngoma, na wazee wa upande wake waliwahi kutembea siku mbili kwenda kumsikiliza. Msomaji asiyetoka kwetu aelewe kazi hiyo. Ningi hukusanya habari za watu: nani kamnyima jirani maji, nani kakimbiwa na mke, nani kajivunia ng'ombe wasio wake. Huzitia katika wimbo, na siku ya mashindano humwimba mhusika mbele ya umati, akificha jina tu, na wakati mwingine hata hilo halifichi. Aliyeimbwa hakasiriki. Ana zamu yake. Husimama, kundi lake nyuma yake, akajibu kwa wimbo, na mara nyingi jibu ndilo linalobaki midomoni mwa watu mwaka mzima. Kuimbwa ni kuitwa uwanjani. Asiyeimbwa kamwe ni mtu ambaye hakuna aliyemwona. Na kuna sharti moja ambalo ningi halivunji: habari aliletewa na nani, hasemi.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu kosa la Mwalimu, kosa moja kubwa ninalolijua maishani mwake, lilitoka humo. Na kosa langu liko ndani ya kosa lake kama kokwa ndani ya tunda.

Nilikuwa na rafiki jina lake Milembe. Maji ya shule tuliyateka kisimani, na yaliletwa wawili wawili, debe likining'inia katikati ya mti uliobebwa mabegani. Mwenzako wa mti ndiye alikuwa ndugu yako. Mlilazimika kupiga hatua moja, la sivyo maji yalimwagika na mkarudia. Milembe nami tulibeba mti mmoja mwaka mzima bila kumwaga hata kikombe. Alikuwa na akili kuliko mimi. Nalisema sasa, wakati ule ningekufa kuliko kulisema.

Baba yake Milembe alikuwa Mwadui. Kila mwezi au zaidi kidogo ilifika barua kutoka kwake, ikiletwa kwa mkono, alisema Milembe, na mchukuzi mmoja wa ukoo wao. Naye aliisoma kwa sauti bwenini akiwa amekaa kitandani, sisi tumemzunguka. Zilikuwa barua tamu. Baba alieleza taa za umeme, alieleza mpishi Mnyamwezi aliyeogopa birika linalopiga mluzi, aliuliza hali ya kifua cha binti yake. Wasichana ambao baba zao walikuwa hapo karibu, wakilima, walimwonea wivu.

Usiku mmoja wa mvua, bati likipigwa hata hakuna ambaye angeweza kutusikia, Milembe aliniambia kwamba barua zile alikuwa akiziandika mwenyewe. Baba yake hakuwa amekufa. Alikuwa amenyamaza tu.

"Ukimwambia mtu, nitakufa," alisema.

"Simwambii."

"Sema utakufa na wewe."

"Nitakufa na mimi."

Tulikuwa na miaka kumi na mitatu, na tulimaanisha.

Kisha, katika muhula wa pili, Milembe alibeba mti na Kabula. Ilikuwa wiki mbili tu, nadhani kwa sababu Kabula alikuwa mgeni na hakujua njia. Lakini mimi niliwaona wakirudi kutoka kisimani wakicheka, hatua moja, maji hayatikisiki, na kitu kikapasuka ndani yangu ambacho sijapata jina lake katika kitabu chochote. Nililia katika somo la jiografia. Mwalimu akaniinua, akanisindikiza hadi mlangoni. Nikaenda kwenye jiwe, nikakaa mpaka paja likaungua kwa jua, nikaandika sentensi tatu. Hazikuwa zangu. Niliandika: Barua za Milembe si za baba yake. Anaziandika mwenyewe usiku na kutudanganya sote. Nataka watu wajue.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Hakutia karatasi mfukoni mara moja. Alinitazama, akasema, "Hapa hujaandika kinauma wapi," kisha akaitia.

Ijumaa ya pili yake alitusomea hadithi mpya. Ilikuwa na msichana ambaye baba yake alikwenda kuchimba mawe yanayong'aa, akanyamaza. Na msichana yule, badala ya kuomboleza, akawa baba yake mwenyewe kwa kalamu. Nakiri kwamba ndiyo hadithi nzuri kuliko zote alizopata kuandika. Hapakuwa na dhihaka ndani yake hata chembe. Msichana yule alikuwa shujaa. Hadithi iliishia njiani, barua ikiwa nusu, na Mwalimu akafunga daftari, akamtazama Milembe kwa uso ambao leo naujua: uso wa ningi aliyemaliza beti zake na kumpisha mwenzake uwanjani.

Ndipo sauti kutoka nyuma ikauliza, taratibu kabisa:

"Milembe, baba hajambo?"

"Mwambie atutumie na sisi birika," mwingine akasema.

Kicheko kilianza upande mmoja kikafika upande wa pili. Kabula alicheka. Mimi sikucheka, na kwa miaka mingi nilijihesabia jambo hilo kuwa haki.

Milembe hakulia. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa ya kwenda kwenye jiwe." Alikaa huko hadi kengele ya jioni. Kwa mara ya kwanza katika historia ya jiwe lile, mtu alirudi bila karatasi.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu aliingia, akaweka daftari mezani likiwa wazi, akaweka kalamu pembeni yake. "Leo si zamu yangu," alisema, akakaa. Tulikaa saa nzima. Nzi walitembea juu ya ukurasa mtupu. Milembe alitazama mikono yake. Ijumaa ya tatu ikawa hivyo, na ya nne, mpaka likizo. Na baada ya likizo kitanda cha Milembe alipewa mtu mwingine.

Mjomba wake alifika kulalamika. Ilikuwa imekwisha kuaminika katika bweni kwamba Mwalimu alipekua sanduku la Milembe na kusoma barua zake. Wasichana walimwita Mfungua Barua, na jina hilo lilifika ofisini. Mkuu wa shule alimwita. Nilikuwa nikifagia baraza, nikasikia swali likiulizwa kwa Kiswahili cha kigeni: habari hizi ulizipata wapi? Nilisimama na ufagio. Karatasi yangu, nilijua, alikuwa bado anayo. Asingehitaji hata kunitaja, angeiweka mezani tu.

"Nilizipata," alisema Mwalimu. "Kosa ni langu."

Aliondolewa darasa la sita, akapewa watoto wa darasa la kwanza. Tulimsikia kupitia ukuta akiwaimbisha a, e, i, o, u. Madaftari ya majalada ya saruji hatukuyaona tena. Alipopishana nami uani aliitikia shikamoo yangu kama alivyoitikia ya kila mtu, bila baridi na bila joto, nami nilichukia upole ule kwa kuwa uliniacha peke yangu na nilichokuwa nacho.

Miaka kumi na kitu ilipita. Nilisoma, nikawa mwalimu Shinyanga, nikawa mkali. Wanafunzi wangu wanajua. Nilikuwa nikisahihisha insha ya msichana mmoja, sentensi zenye hasira juu ya rafiki yake, nikajikuta nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: Hapa hujaandika kinauma wapi. Niliweka kalamu chini. Likizo ilipofika nikauliza walikokwenda walimu wa zamani, nikaambiwa Mwalimu ameacha kazi, analima Kharumwa, upande wa Geita. Nikapanda lori la pamba, kisha nikatembea.

Nilimkuta barazani, asubuhi, akimenya karanga katika ungo. Kalamu ilikuwa bado nyuma ya sikio.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama tangu kichwani hadi viatuni. "Mwangaluka. Au siku hizi Kisukuma umekivisha kibao?"

Nikajibu salamu kwa Kisukuma, akasogeza ungo nami nikaanza kumenya. Alinipa michembe. Alinitania kwamba nimenenepa kama wakili wa mji, akauliza kama bado nalia katika jiografia. Nikaona hapo ndipo pa kuanzia, nami nikatoa katika mkoba karatasi nilizozileta: kurasa nne, zilizoandikwa vizuri, zikieleza ujana ni nini, na wivu ni nini, na jinsi mtoto asivyoweza kupima matokeo ya tendo lake. Alizisoma zote. Katikati ya ukurasa wa pili aliacha kutafuna.

"Hizi ni za nani?"

"Zangu, Mwalimu."

"Hapana. Hizi ni za wakili." Akazikunja, akanirudishia. "Ulidhani sijui kwamba umekuwa ukiteseka? Nilijua. Lakini ningi hamtaji aliyeleta habari. Na wewe hukuja."

"Ungeionyesha karatasi yangu, wasingekuondoa."

"Wangekuondoa wewe. Tena karatasi haikutunga hadithi, nilitunga mimi." Alimenya karanga tatu, nne. "Nilifikiri namwita uwanjani. Alikuwa mtunzi bora kuliko mimi, yule mtoto. Nilitaka asimame anijibu, darasa lisikie. Kuna kitu nilikisahau. Anayeimbwa husimama na kundi lake nyuma yake, likimwitikia. Milembe hakuwa na kundi. Kundi lake lilikuwa wewe."

Niliziweka zile kurasa chini, kando ya ungo.

Aliingia ndani, akatoka na daftari. Jalada la saruji lilikuwa limelainika kama ngozi. "Alikuja mwaka jana," alisema, "wakati wa mavuno, mtoto mgongoni. Anakaa Runzewe, mumewe anauza chumvi. Nilimwomba radhi. Kisha nikampa daftari, nikamwambia zamu yako ipo palepale. Aliandika hapo ulipokaa, kabla maharage hayajaiva jikoni."

Nilifungua ukurasa uliokuwa mtupu. Mwandiko niliujua, ulikuwa ule wa barua za Mwadui. Aliandika sentensi tatu tu:

Rafiki yangu Milembe, siku ile nilikaa juu ya jiwe nikaandika siri yako badala ya huzuni yangu. Inaniuma hapa begani, mahali pa mti wa maji. Nataka unisubiri kisimani, nakuja.

Na chini yake, kwa herufi zilezile, jina langu.

Nilisoma mara nyingi. Siri ile aliniambia mimi peke yangu, hakuhitaji kutajiwa jina. Alikuwa amefanya kama alivyofanya siku zote: barua aliyoingojea haikuja, akaiandika mwenyewe. Nilitafuta katika kurasa zangu nne neno ambalo yeye hakulisema, ambalo ningeweza kuliongeza ili niwe nami nimetoa kitu changu. Halikuwamo.

Mwalimu alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akanipa, akachana ukurasa safi kutoka mwisho wa daftari. Niliinakili barua ile neno kwa neno, kwa mwandiko wangu, nikatia sahihi. Yeye aliipokea, akaisoma akiwa amesimama, kama zamani. Lakini hakuitia mfukoni. Aliikunja mara mbili na kunirudishia.

"Lori la Runzewe," alisema, "hupita pale njia panda saa sita. Chukua na karanga, usiende mikono mitupu."